Bi Kibano na Mche wa Pili

Alipoambiwa kwamba mbegu zake zimechanganyika, Bi Kibano alidhani anataniwa. Akacheka. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka mle ofisini, si Meneja wa kituo, si Daktari aliyekaa na kompyuta yake mapajani, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Zimechanganyikia wapi?" akauliza.

"Ndiyo tunakuuliza wewe, mama," akasema Meneja.

Jamani! Kuna mtu wa kuambiwa maneno hayo, na kuna Bi Kibano. Mwanamke huyu alikuwa fundi wa majaruba katika kituo kile cha utafiti wa mpunga kwa miaka ishirini na sita. Jina lake halisi walilijua wahasibu tu. Wengine wote walimwita Bi Kibano kwa sababu ya kibano chembamba cha chuma alichokichomeka kwenye kilemba chake toka asubuhi hadi jioni. Kazi yake kubwa ilikuwa kuufungisha mpunga ndoa. Maana ua la mpunga, kama hujui, lina dume na jike ndani ya ganda moja, na ukiliacha linajimalizia mambo yake lenyewe. Ukitaka lichukue chavua ya mpunga mwingine, lazima uliwahi kabla halijafunguka, ulikate ncha, uchomoe vifuko vya chavua vyote sita, kimoja kimoja, na usiguse kitu kingine chochote humo ndani. Madaktari wenye shahada tatu walijaribu wakatoka jasho, na wengine wakatoka na hasira. Yeye alimaliza maua mia mbili kwa saa moja huku anagombana na mtu.

Sasa mtu huyo unamwambia mbegu zake zimechanganyika.

Daktari akaeleza. Alikuwa kijana mpole, msomi kweli kweli, mwenye tabia ya kumwomba radhi hata mlango uliomgonga. Miaka mitatu nyuma yeye ndiye aliyekuja na wazo la kuoanisha mpunga mwitu na mpunga wa shamba. Mpunga mwitu una roho ngumu; ardhi ya chumvi inayoua mpunga wa kawaida kwa wiki mbili, wenyewe unastawi tu. Ila una tabia moja mbaya: punje ikiiva inapukutika papo hapo, inazama matopeni, na mkulima akija na mundu anakuta suke tupu. Watu wa kale waliukuta hivyo hivyo. Wakawa wanakwenda nyumbani na zile punje chache zilizogoma kudondoka, wanazipanda, mwaka hadi mwaka, hadi ukapatikana mpunga unaomsubiri mwenyewe aje avune. Daktari alitaka kujua ni vinasaba gani vilivyobadilika katika safari hiyo, na kama ule ugumu wa chumvi unaweza kurudishwa bila kurudisha na upukutikaji.

Kwa kazi hiyo alihitaji mistari mia mbili ya watoto wa ndoa ile, ipandwe msimu hadi msimu bila kuchagua wala kupendelea. Kila mstari miche mitatu. Sharti aliliandika mwenyewe kwa wino mwekundu na kulibandika kwenye mlango wa chumba cha zana: chukua suke la mche wa kwanza, uwe mzuri uwe mbaya; mche wa kwanza ukifa, chukua la mche wa pili. Bi Kibano alifanya hivyo misimu mitano, akatia mbegu kwenye bahasha, akaandika namba, akazipeleka ghalani.

"Kwa sasa tumepima sehemu moja tu ya vinasaba," akasema Daktari. "Ile ya kupukutika. Tulitegemea nusu kwa nusu, mama. Nusu wamfuate mpunga mwitu, nusu wamfuate wa shamba. Lakini mistari mia moja sabini na minane kati ya mia mbili imeshika upande wa shamba. Bahati haifanyi hivyo."

"Maana yake mbegu za kawaida zimeingia humo," akadakia Meneja. "Na mbegu zinalala wapi? Ghalani."

Akamwangalia. Bi Kibano akaelewa wanakoelekea, na kusema kweli moyo wake ulishusha pumzi. Ghala lilikuwa la wifi yake.

Huyu wifi alikuwa dada mdogo wa mumewe. Kazi ya kutunza ghala la mbegu aliipata miaka tisa nyuma kwa Bi Kibano kusema neno moja mahali panapotakiwa, na toka siku ile Bi Kibano hakuacha kulijutia hilo neno kwa sauti. Wifi mdomo wake hauna breki. Wifi chupa ya chai anaiweka juu ya bahasha za mbegu. Wifi anaimba anapohesabu, kisha anasahau kafika ngapi, anaanza upya na wimbo unaanza upya. Mara moja Bi Kibano alimkuta ameweka bahasha mbili kwenye meza moja kwa wakati mmoja, jambo ambalo ghalani halifanywi hata kwa kuota, akampa za uso hadi mfungua maji aliyekuwa nje kwenye mfereji akaja kuuliza nani amekufa.

Kwa hiyo hakufikiri mara mbili. Alitoka ofisini akakata uwanja moja kwa moja hadi ghalani, kandambili zikimpiga visigino.

"Wifi, umenifanyia nini?"

"Nimekufanyia nini tena? Kaa kwanza, chai ipo."

"Chai! Mimi nimeinamisha mgongo misimu mitano, wewe unanimwagia mpunga wa shamba kwenye bahasha zangu, halafu chai!"

"Nani kamwaga?" Wifi akasimama. "Mimi? Bahasha zako nazipokea zimefungwa, naziweka zimefungwa, nakurudishia zimefungwa. Nitamwagia wapi, kwa mdomo?"

"Na zile mbili mezani?"

"Zilikuwa zimefungwa! Nilikuwa nasoma namba! Miaka miwili sasa unaniimbia hizo bahasha mbili!"

"Basi wamekuja kuniimbia na mimi. Na nitawaimbia na wao."

Akawaimbia. Meneja alitaka maandishi, naye akaandika nusu ukurasa: kwamba yeye kwa macho yake aliwahi kuona bahasha mbili mezani, kwamba mtunza ghala si makini, kwamba anavyojua yeye mchanganyiko hauwezi kutokea mahali pengine. Akatia saini. Jioni ile ile wifi akapewa barua ya kusimamishwa kazi, na kamati ikapangwa kukaa Ijumaa kumfukuza rasmi.

Mumewe, fundi baiskeli, alizipata habari kabla yeye hajafika nyumbani. Alikuwa amekaa barazani na gurudumu miguuni, anaweka kiraka.

"Ulimwona akichanganya?" akamuuliza mkewe.

"Atakuwa nani mwingine?"

"Sikukuuliza hivyo."

"Basi unataka nibebe mimi? Miezi minne nistaafu, nitoke na jina la mzembe kwa sababu ya dada yako anayeimba?"

Fundi baiskeli aliendelea kukandamiza kiraka chake, na siku mbili zilizofuata alizungumza na mkewe yale ya lazima tu, chumvi iko wapi na nani kafunga mlango. Bi Kibano alichemka. Kila mtu anamwonea huruma mwenye kosa, na aliyeharibiwa kazi hakuna hata wa kumpa pole!

Alhamisi Meneja akamwambia aje na madaftari yake ya shamba, kamati iyaone. "Yatusaidie kuonyesha kwamba upande wako ulikuwa safi," akasema, na Bi Kibano akaitikia kwa fahari. Madaftari yake yalikuwa safi kuliko ya mtu yeyote pale. Akayatoa yote matano kwenye sanduku lake, akakaa kwenye kizingiti cha chumba cha zana, mgongo kwenye mlango wenye lile sharti la wino mwekundu, akaanza kuyapitia ili asije akaulizwa akababaika.

Msimu wa kwanza. Mstari wa kwanza, mche wa kwanza. Mstari wa pili, mche wa kwanza. Mstari wa tatu: *wa kwanza mtupu, nimechukua wa pili.*

Akapitisha jicho. Mstari wa saba: *wa kwanza mtupu, wa pili.* Wa tisa: *wa kwanza na wa pili mitupu, wa tatu.* Akafungua daftari la msimu wa pili. Humo ndiyo usiseme. Kila ukurasa mtupu, mtupu, mtupu, kwa mwandiko wake mzuri ule ule aliokuwa akiringia.

Mtupu, si mfu. Mche ulikuwa mzima, wa kijani, umezaa na kuiva, ila punje zake zilikuwa zimekwisha dondoka matopeni kabla yeye hajafika na bahasha. Sasa angefanya nini? Angeokota punje kwenye tope, ajue vipi ni ya nani? Sharti lilisema ukifa. Yeye aliona mche usio na mbegu ni kama umekufa tu, akaenda wa jirani wenye suke lililojaa. Akili ya kawaida. Nani angefanya vingine?

Tena alikuwa ameomba mifuko! Hapo damu ikampanda. Msimu wa kwanza alimwambia Meneja mpunga huu unapukutika, lazima kila suke livishwe mfuko wa karatasi ili punje zidondokee humo. Meneja akamtolea mifuko ya kutosha mistari arobaini. Kwa iliyobaki akaambiwa msimu ujao. Msimu ujao akaambiwa msimu ujao. Vipande vya maombi alikuwa navyo, amevibandika humo humo daftarini kwa gundi.

Lakini mkono ulioruka mche wa kwanza haukuwa wa Meneja.

Akainuka akaenda jarubani, mbio mbio, bado hataki kukubali. Akapita mstari kwa mstari na kibano mkononi. Kama kweli mpunga wa shamba uliingia kwenye bahasha, basi kila kitu kingefanana na mpunga wa shamba. Ndevu zingepotea. Akaangalia masuke: karibu nusu ya mistari ilikuwa na zile ndevu ndefu za mpunga mwitu. Akamenya punje kwa kucha, mstari huu nyeupe ya shamba, huu nyekundu ya mwitu, huu nyekundu, huu nyeupe. Nusu kwa nusu, kama Daktari alivyotaka. Ni jambo moja tu lililoegemea upande mmoja shamba zima, nalo ni kushika punje. Hakuna ghala duniani linaloweza kuchanganya mbegu kwa namna hiyo. Mkono wa mvunaji ndio unaoweza.

"Wewe mwanamke," akajiambia kwa sauti, amesimama kwenye maji hadi kwenye vifundo, "wewe mwanamke ni mjinga."

Nisikudanganye kwamba alikimbilia ofisini. Alirudi akakaa kizingitini na akafikiri mambo ambayo asingependa mtu ayajue. Madaftari ni yake. Angeweza kusema la pili limelowana. Meneja asingesoma, huyo hata barua zake mwenyewe anasomewa na katibu, na Daktari shambani haji. Baada ya miezi minne angekuwa nyumbani, amepewa cheti na mkono, na wifi angepata kazi nyingine. Wifi ana mdomo, wenye mdomo hawalali njaa. Alilifikiri hilo kwa muda wa kutosha hadi akajionea haya. Kisha akayakumbatia madaftari yote matano akaenda kwa Daktari.

Daktari alisoma ukurasa kwa ukurasa. Alipofika daftari la tatu akavua miwani.

"Mama, kwa nini hukuniambia kwamba miche ya kwanza ilikuwa mitupu?"

"Kwa nini wewe hukuja kuiona? Misimu mitano! Jaruba liko hatua mia kutoka kwenye kiti chako!"

"Samahani," akasema Daktari, na akaendelea kusoma. Halafu, unajua wasomi, uso ukaanza kumchanua. "Lakini unaona ulichokifanya? Mama, hivi ndivyo watu wa kale walivyofanya! Walivuna kilichobaki kwenye suke, wakapanda hicho, bila kujua wanachagua. Wewe umerudia kazi yao kwa misimu mitano. Na umeandika kila hatua! Hakuna mwenye kumbukumbu kama hizi. Na kati ya hii mistari inayoshika punje lazima imo iliyobeba ugumu wa chumvi. Mama, hii tunaweza kuiandika..."

"Mwanangu," Bi Kibano akamkata, "nakwambia kesho mtu anafukuzwa kazi kwa saini yangu, wewe unaniletea habari za watu wa kale?"

Daktari akafunga daftari. Akaomba radhi tena, safari hii kwa sababu.

Ijumaa kamati ikakaa. Wifi alikuwepo, kavaa gauni lake la misibani, na hakuimba. Bi Kibano akasimama akaeleza yote, mche wa kwanza na mche wa pili, ndevu na punje nyekundu, akiwa amekasirika mwanzo hadi mwisho, na ukimwuliza amemkasirikia nani angekuonyesha chumba kizima na yeye mwenyewe ndani. Alipofika kwenye vipande vya maombi ya mifuko, Meneja akaanza kukohoa.

"Nadhani," akasema Meneja, "tuandike tu kwamba palitokea hitilafu ya kitaalamu. Kwa ujumla. Hakuna haja ya kumtaja mtu."

"Mlipokuwa mnamfukuza mlimtaja," akasema Bi Kibano. "Andikeni ghala halina kosa. Andikeni kwa jina lake. Na langu liandikeni chini yake, nimekosea mimi. Na lako, Bwana Meneja, mkipata nafasi."

Jina la Meneja halikupata nafasi, ungetegemea nini? Lakini barua iliandikwa: mtunza ghala hana hatia, arudi kazini Jumatatu. Bi Kibano alipata onyo la maandishi, la kwanza katika miaka ishirini na sita, na alilipokea bila hata kulisoma. Aliomba barua ile ya wifi aipeleke mwenyewe kwa mkono.

Alimkuta nyumbani kwake ameshaondoa gauni la misibani, anakunja nguo. Wifi hakumwambia karibu wala hakumwambia toka. Bi Kibano akakaa kwenye ncha ya kochi, akampa barua.

"Nilikosea, wifi," akasema. Neno lenyewe lilimtoka kwa shida, hakuwa na mazoea nalo. "Nimekuharibia jina bila sababu. Nisamehe."

Wifi akaisoma barua polepole hadi mwisho, akaikunja.

"Meneja hanijui," akasema. "Daktari akinipita huwa ananisalimia kwa jina la mpishi. Wao wakiamini mimi mwizi au mzembe, waamini tu. Lakini wewe watoto wako wawili wamekulia mgongoni kwangu. Ulipoumwa mwaka ule mzima, nani alikuogesha?"

"Wewe."

"Nikakwambia sijachanganya. Kwa mdomo wangu. Ukaniangalia, ukaenda kuandika."

Bi Kibano alitaka kusema habari za zile bahasha mbili, akaona aibu, akameza.

"Asante kwa kuileta," akasema wifi, akachukua shati lingine akaanza kulikunja. "Lakini kuanzia Jumatatu ukija kuchukua mbegu dirishani kwangu, uje na shahidi."

Aliporudi nyumbani mumewe alimwuliza kama amesamehewa. Akasema hajui. Mume akasema siku zitapita, dada yake si mtu wa kinyongo, na usiku ule wakala pamoja. Bi Kibano akajipa moyo kwamba ile ya shahidi ilikuwa hasira tu, maneno ya mtu aliyeumia. Hata hivyo Jumatatu asubuhi, kwa ajili ya kuheshimu neno lake, alimwomba mfungua maji amsindikize hadi ghalani.

Akamkuta wifi dirishani. Pale mezani bahasha zilikuwa zimepangwa safu kwa safu na chai haikuwepo. Bi Kibano alikuwa ameandaa utani wa kuanzia, akautoa, mfungua maji akacheka peke yake. Wifi alihesabu bahasha moja moja mbele yao wote wawili, kwa sauti ya kawaida, bila wimbo, na hakukosea hata mara moja. Kisha akamsogezea Bi Kibano kitabu cha kupokelea.

"Saini hapa, mama," akasema.

Miaka ishirini na miwili ya uwifi wao hajawahi kumwita hivyo. Bi Kibano akashika kalamu, akatia saini palipoonyeshwa, akasogea pembeni ili shahidi naye atie yake.